Pweza Chini ya Mlima Meru

Pweza anayechorwa kwa ajili ya watoto anajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kukanyaga mchanga wa pwani. Ana kichwa kikubwa cha mviringo, macho mawili yanayotazama mbele, tabasamu chini ya macho, na minyiri minane iliyojikunja ncha huku na kule. Wakati mwingine amevalishwa kofia ya baharia. Mwili wote umeachwa mweupe, mistari mitupu, ili mtoto aujaze rangi. Mwalimu wa chekechea huja na nakala moja iliyotolewa mtandaoni, mashine ya fotokopi katika kibanda cha steshenari inatoa nyingine za kutosha darasa zima, na asubuhi inayofuata pweza wametandazwa mezani huku Arusha, Sakina, Kijenge, Njiro na Ngaramtoni, wakisubiri kreyoni.

Wamefika mbali na kwao. Jiji la Arusha limekaa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tanga, bandari ya nchi hii iliyo karibu, iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Kwa wengi wa watoto hao, maji makubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona kwa macho ni Ziwa Duluti pale Tengeru, au maziwa ya Momella siku shule ilipowapeleka hifadhini. Bahari wanaijua kwa televisheni na kwa masimulizi ya mjomba anayeendesha lori.

Wapo wazazi wanaouliza kwa nini iwe hivyo. Twiga yupo hapo Hifadhi ya Arusha, mbega wanarukaruka kwenye miti ya Ngurdoto, nyati wanashuka kunywa maji. Mtoto wa Meru ana haja gani na mnyama wa baharini? Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Watoto wetu wamekwisha kupaka rangi watu wa theluji na misonobari iliyopambwa taa, vitu ambavyo mtaani hapana mtu wa kuwasimulia. Lakini pweza si mgeni wa namna hiyo. Anaishi katika miamba ya nchi hii, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, Unguja, Pemba na Mafia. Analiwa kila siku, kwa nazi, kwa supu, kwa kukaangwa vipande vipande juu ya sinia jioni. Yumo hata katika usemi: mtu anayejiletea balaa mwenyewe huambiwa amejipalia makaa kama pweza, na wazee wa Arusha ambao hawajawahi kumwona pweza juu ya moto, wala minyiri yake inavyojikunja na kuyavuta makaa, huusema usemi huo bila kusita. Mtoto wa Meru ana haki naye kama alivyo na haki na lugha anayoisema.

Sababu yangu kubwa ya kumtetea, hata hivyo, ni rangi.

Karatasi nyingi za kupaka rangi zina jibu lililofichwa ndani yake. Jua ni la njano, jani ni la kijani, nyanya ni nyekundu, na mtoto anapewa alama kwa kulifikia jibu hilo. Ndizi ni za njano. Jibu hili limeniudhi tangu nilipoanza kuliangalia vizuri, kwa sababu huku Meru ndizi nyingi zinazoingia jikoni ni za kupika, mshare na jamaa zake, na hukatwa zikiwa kijani ili ziwe mtori au machalari. Mtoto aliyezipaka kijani alizipaka kama zilivyolala jikoni kwa mama yake. Anaposahihishwa, haambiwi azitazame tena ndizi. Anaambiwa aitazame karatasi ya mwenzake. Hapo amefundishwa kwamba macho yake hayaaminiki na kwamba ukweli unakaa mahali pengine, katika kitabu, katika mfano uliobandikwa ubaoni.

Sasa mpe karatasi ya pweza na umwulize mwalimu rangi yake ni ipi. Hapana jibu la kubandika ubaoni. Ngozi ya pweza ina vifuko vidogo sana vya rangi, maelfu kwa maelfu, vya njano na machungwa, vyekundu, vya kahawia na vyeusi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli midogo. Misuli ikivuta, kifuko kinapanuka na rangi yake inaonekana; ikilegea, kifuko kinasinyaa kuwa nukta. Chini ya vifuko hivyo kuna tabaka jingine la seli zinazorudisha mwanga, nyingine kwa mng'ao wa bluu na kijani, nyingine kwa weupe. Kwa kuwa misuli hiyo inaamrishwa moja kwa moja na neva, mabadiliko hayachukui hata sekunde nzima. Na ngozi hubadilika umbo pia: mahali palipokuwa laini panainuka vinundu na miiba, pweza anafanana na mwani, na akihama kwenye mchanga anakuwa mchanga. Mvuvi hodari anaweza kumtazama asimwone.

Mtoto aliyempaka pweza rangi ya kahawia amepatia. Aliyempaka nyekundu amepatia. Aliyempaka nusu nyeupe nusu nyeusi amepatia vilevile, kwani spishi ya kwetu, ile wanayoivua zaidi kwenye mwambao wote wa Afrika Mashariki na ambayo wanasayansi huiita Octopus cyanea, inapowinda huweza kupitisha mawimbi ya giza na mwanga mwilini kana kwamba kivuli cha wingu kinapita juu yake. Katika madarasa yetu, kreyoni ni za kugawana. Kikasha kimoja kinazunguka meza nzima, na mara nyingi rangi anayoipata mtoto ni ile iliyobaki. Kwa twiga, hali hiyo ni msiba. Kwa pweza, rangi iliyobaki inatosha.

Ndiyo maana huwa naumia ninapoingia darasani na kukuta pweza thelathini wa zambarau ukutani, wote pacha. Nawaelewa walimu. Watoto ni wengi, muda ni mfupi, mkaguzi anataka kuona kazi safi, na mzazi anayelipa ada anataka kitu cha kupeleka nyumbani kinachofanana na cha mtoto wa jirani. Zambarau ilitoka kwenye mfano uliokuja na karatasi, na mfano ulitoka kwa mchoraji wa mbali aliyeona zambarau inapendeza. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mnyama pekee katika kabati la mwalimu ambaye angeweza kumwambia kila mtoto "umepatia", tumemnyamazisha kwa rangi moja.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo karatasi yenyewe inahitaji kusahihishwa, na watoto hufurahi mno kumsahihisha mchoraji mkubwa. Kile kinachoonekana kuwa kichwa kikubwa ni kiwiliwili: humo ndimo zilimo mioyo, ini, tumbo na mashavu ya kuvutia hewa majini. Kichwa hasa ni ile sehemu ndogo yenye macho, iliyo kati ya kiwiliwili na minyiri. Tabasamu liondolewe, maana kinywa hakipo usoni. Kipo chini, katikati ya minyiri yote, na ndani yake kuna mdomo mgumu uliopinda, wa kupasulia kaa, mfano wa mdomo wa kasuku. Mboni ya jicho nayo si duara. Ni mstari mpana uliolala. Mioyo ni mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye mashavu na mmoja wa mwili mzima, na damu hiyo ina rangi ya bluu kwa kuwa inabeba hewa kwa madini ya shaba, si kwa chuma kama ya kwetu. Nimemsikia mtoto wa miaka mitano akirudia jambo hili la damu ya bluu kwa bibi yake njia nzima kutoka shuleni, na bibi akimwitikia, "Kweli, baba? Ya bluu?" kwa heshima ile ile ambayo angempa mgeni aliyetoka safari.

Idadi ya minyiri ndiyo humfanya mwalimu wa hesabu ampende pweza, na kuna kazi moja rahisi inayotumika dunia nzima: mtoto anachovya viganja vyake viwili katika rangi, anakunja vidole gumba, na vidole vinane vinavyobaki vinapigwa muhuri kwenye karatasi kuwa minyiri. Ninaipenda kazi hiyo kwa sababu mwili wa mtoto unaingia ndani ya pweza. Ila kuna jambo jingine katika minyiri lenye utajiri kuliko kuhesabu. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili zake haziko kichwani. Zimetandazwa ndani ya minyiri. Kila mnyiri unapapasa, unaonja kwa vikombe vyake vya kunyonyea, na kuamua mambo mengi madogo bila kungoja amri. Darasani hili linachezeka. Watoto wanane wanashika nguo ya mmoja aliye katikati, wamefumba macho, kila mmoja anatafuta kitu sakafuni kwa mkono wake ulio huru, na yule wa katikati peke yake ndiye mwenye macho. Dakika za mwanzo ni vurugu tupu. Kisha wanaanza kusikilizana, na mtoto mkimya, ambaye hajawahi kunyoosha kidole darasani, anajikuta ndiye mnyiri uliookota kifuniko cha soda.

Tukija kwenye kazi za mikono, maelekezo yanayozunguka duniani yanadai sahani za karatasi, macho ya plastiki yanayocheza, nyaya laini zenye manyoya na gundi ya kumetameta. Baadhi ya shule za jiji huvinunua. Shule nyingi haziwezi, na hazina sababu ya kujuta. Mtoto wa huku ana mikono iliyozoea kutengeneza vitu: magari ya maboksi ya maziwa yenye magurudumu ya vifuniko, wanasesere wa magunzi ya mahindi, mipira ya kufungwa kwa kamba. Mipira hiyo zamani ilijazwa mifuko ya rambo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, watoto wamerudia matambara na majani, na mpira bado unachezwa.

Kwa pweza, mgomba unatosha. Ganda kavu la mgomba, lile linalochanika kwa urefu, hutoa kamba nane kwa mpasuo wa dakika chache. Kamba hizo zikifungwa pamoja kwa juu kuzunguka fundo la majani makavu, kiwiliwili kimepatikana, na minyiri inaning'inia chini ikijipinda yenyewe kadiri inavyozidi kukauka. Hakuna karatasi ya manila inayoweza kujipinda hivyo. Migomba imejaa kila shamba kuanzia Usa River kupanda mpaka ukingo wa msitu wa Meru, ikiwa imechanganywa na kahawa kama Wameru walivyozoea kulima, na hakuna mama atakayemnyima mwalimu maganda makavu.

Kahawa nayo ina kazi yake. Masimbi ya kahawa yakichemshwa na maji kidogo hutoa rangi ya kahawia inayokolea kwa kupakwa mara mbili tatu, na ukizingatia kwamba pweza wa miambani hukaa akiwa na rangi ya kahawia yenye mabaka kwa muda mwingi wa siku, utaona kwamba mlima huu ulio mbali na bahari umemwekea akiba ya rangi yake halisi. Bizari hutoa njano, choya hutoa wekundu unaoelekea zambarau, makaa yaliyosagwa hutoa weusi, udongo wa shambani hutoa rangi ya kutu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakungoja turubai wala rangi za mafuta za wachoraji wa Ulaya. Alitumia mbao laini za dari na rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na mtindo ule uliozaliwa kwenye vifaa hivyo ndio unaouzwa leo katika maduka ya sanaa ya Arusha na kuchukuliwa na watalii hadi kwao. Sidai kwamba kila mtoto anayepaka masimbi ya kahawa atakuwa Tingatinga. Ninachosema ni kwamba uchoraji wetu unaojulikana kuliko wote duniani ulianza kwa mtu kuchukua kilichopo.

Halafu kuna shanga. Arusha ni jiji la shanga. Akina mama wa Kimaasai na Kiarusha wanazitunga kando ya barabara na sokoni, na watoto wengi wamekwisha kushika uzi na sindano kabla ya kushika penseli. Katika mnyiri wa pweza, vikombe vya kunyonyea vimepangwa mistari miwili, vikubwa karibu na kinywa, vikipungua ukubwa kuelekea nchani. Mtoto anayetunga shanga nyeupe mistari miwili juu ya kamba ya mgomba, kubwa kwanza kisha ndogo, anafanya hesabu ya mpangilio na anafanya kazi ambayo bibi yake anaijua kuliko mwalimu. Nimeona bibi akiitwa darasani kwa ajili hiyo. Aliingia kwa aibu, watoto wakamwamkia kwa pamoja, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda cha mtoto, na kwa saa nzima darasa lilikuwa lake.

Kuna mnyama mmoja wa Meru ambaye naona angetangulia au kufuata somo la pweza, naye ni kinyonga. Yupo kwenye ua wa michongoma, kwenye mibuni, kwenye majani ya migomba baada ya mvua. Watu wazima wengi wanamwogopa, na watoto hurithi woga huo mapema. Lakini mtoto aliyempaka pweza rangi tatu na kuambiwa kwamba zote ni sawa, huanza kumtazama kinyonga kwa udadisi, na hilo peke yake ni faida. Tena wawili hawa, wanaofananishwa sana, hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kinyonga hubadili rangi kwa kusogeza chembe ndogo mno za fuwele zilizopangwa ndani ya ngozi: zikikaribiana zinarudisha mwanga wa bluu, zikiachana zinarudisha njano na nyekundu. Pweza anavuta misuli, kinyonga anapanga fuwele. Mmoja hubadilika mara moja, mwingine taratibu. Mmoja hujificha zaidi kuliko kujionyesha; mwingine, hasa dume aliyekutana na dume mwenzake, hujionyesha.

Hapo ndipo watoto huuliza swali lililo gumu kuliko yote. Jicho la pweza lina aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga, ambapo letu la kuona rangi lina tatu, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida pweza haoni rangi. Basi anajuaje rangi ya jiwe? Wataalamu bado wanavutana. Utafiti uliofanywa California mwaka 2015 ulionyesha kwamba ngozi ya pweza, hata ikiwa imetengwa na mwili, huitikia mwanga. Mwaka uliofuata wengine wakapendekeza kwamba umbo la ajabu la mboni yake humwezesha kutenganisha rangi kwa namna isiyo yetu. Watoto wana majibu yao, na sioni kwa nini majibu hayo yasiandikwe ubaoni pamoja na ya wataalamu. Hili ni swali la kweli, lililo wazi, na mtoto wa darasa la awali amelifikia akiwa na kreyoni mkononi.

Lakini hakuna kilichonishawishi kuhusu pweza kama kumsikia mtu wa pwani akimsimulia. Mjini kwetu wamejaa watu wa Tanga, wa Pangani, wa Pemba, waliokuja kwa biashara au kwa ndoa. Mama mmoja wa Tanga, jirani, alikubali kuja kuzungumza na watoto. Hakuleta picha. Aliwaambia kwamba kuna siku za mwezi, zile za bamvua, ambapo bahari hupwa sana hadi miamba inabaki wazi, na wanawake na wasichana hushuka na fimbo na chuma chenye ncha. Aliwaambia kwamba pweza hukaa shimoni, na kwamba shimo lake hujulikana kwa maganda ya kaa na chaza yaliyotupwa mlangoni, kwa kuwa anakula ndani na kutupa nje. Aliwaambia jinsi mnyiri unavyoushika mkono na kuacha alama za duara. Mtoto mmoja akamwuliza, "Uliogopa, mama?" Akajibu, "Mara ya kwanza nililia, mwanangu." Baada ya hapo watoto walipochukua karatasi zao, kwa mara ya kwanza niliona miamba ikichorwa kumzunguka pweza, na mbele ya shimo, rundo la maganda.

Katika Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanakijiji wamekuwa wakiufunga mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wanaufungua kwa siku maalumu na kuvua kwa pamoja, wakisaidiwa na mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao. Mbinu ya namna hiyo ilikuwa imejaribiwa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004 na kuenea. Inawezekana kwa sababu pweza hukua upesi mno: maisha yake yote ni mwaka mmoja au zaidi kidogo, na katika muda huo anaweza kufikia kilo kadhaa. Kumwacha miezi michache ni kumwacha azidi uzito mara kadhaa. Watoto wa Kisiwa Panza wanajua kungoja huko kwa matumbo yao. Wa Arusha wanaweza kukujua kwa mche walioupanda, na mwalimu akiviweka viwili hivyo pamoja, Pemba haiko mbali tena.

Limebaki jambo ambalo walimu wengi huniomba nisiliseme mbele ya watoto. Pweza jike hutaga mara moja tu. Hujifungia shimoni na mayai yake maelfu kwa maelfu, yaliyoning'inia darini kama vichane vya ushanga, na kwa wiki kadhaa huyapulizia maji safi na kuyapangusa kwa minyiri, bila kula. Rangi yake inafifia. Yanapoanguliwa, yeye amekwisha. Hufa wakati watoto wake, wadogo kuliko punje ya mchele, wanapochukuliwa na mkondo. Nimefikiri sana kama mtoto wa miaka mitano anapaswa kuambiwa haya. Wapo darasani watoto waliofiwa na mama. Wapo wanaolelewa na bibi au shangazi kwa sababu hiyo hiyo, na mwalimu anawajua kwa majina. Kwa hao, kwanza, ni lazima mwalimu aangalie uso uliomo mbele yake. Lakini naamini linapaswa kusemwa, kwa sauti ya kawaida, bila kulipamba. Watoto wa Meru wanaona ng'ombe akizaa na kuku akifa. Kifo hakiwashtui kama tunavyodhani, kinachowashtua ni watu wazima wanaonyamaza ghafla. Mwalimu mmoja aliyelisema aliniambia kwamba darasa lilikaa kimya, kisha mtoto mmoja akaomba karatasi nyingine ili achore mayai. Alipaka mama rangi nyeupe, yaani hakumpaka kabisa, na mayai akayapaka kila rangi iliyokuwemo kikashani.

Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umeonyesha kwamba waandishi na wachoraji wa nchi hii wanaweza kutengeneza vitabu vya Kiswahili ambavyo mtoto atavigombania, na wachoraji hao wapo. Karatasi ya kupaka rangi ni kitu kidogo kuliko kitabu, hata haihesabiwi kuwa kazi ya uchapishaji, na kwa hiyo tumeiachia mashine za kopi na wachoraji wa mbali. Natamani mchoraji wa Pemba au wa Tanga achore ya kwetu. Pweza awe amekaa mlangoni pa shimo lake, maganda mbele, kinywa kisionekane, mboni zimelala, minyiri minane yenye vikombe mistari miwili. Maji yamepwa, na mbali kidogo mwanamke mwenye fimbo anakuja akiwa amefunga kanga kiunoni. Pasiwe na mfano uliopakwa rangi. Upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo, maana mashine ya kopi hutoa pande zote mbili, ziandikwe sentensi chache za kumsomea mtoto: juu ya vifuko vya rangi, juu ya damu ya bluu, juu ya bamvua na miamba inayofungwa, juu ya mama na mayai, kila moja kwa maneno ambayo mama yule wa Tanga angeyatumia. Na chini ya sentensi hizo ibaki nafasi nyeupe isiyo na mstari wowote, ya kutosha mtoto wa Meru kumchora kinyonga aliyemwona asubuhi kwenye ua.